Pushapu 50, na bado chuma kinagoma

Swali: Shikamoo kocha. Nina miaka 27 na kilo 72. Tangu nihamie Kigamboni ni miezi minane sijakanyaga jimu, kwa sababu iko ng'ambo na nikitoka kazini foleni ya pantoni inanimaliza. Badala yake nimekuwa napiga pushapu chumbani kila siku, sasa nafika 50 bila kusimama. Jumapili iliyopita nikapita jimu yangu ya zamani. Enzi zile nilikuwa nasukuma kilo 45 juu ya kichwa mara tano. Safari hii kilo 40 zilipanda mara moja, ya pili zikakwama usawa wa pua. Kifua kimejaa lakini mabega hayana kitu. Je, mazoezi ya mwili mtupu yanaweza kweli kujenga nguvu za kusukuma juu ya kichwa, au nijinyime ninunue dambeli? Nina kama shilingi 60,000.

Marahaba, mdogo wangu. Yanaweza, tena sana. Ila siyo hayo unayoyafanya wewe.

Tuanze na hesabu. Ukiwa kwenye pushapu ya kawaida, mikono haibebi mwili mzima. Inabeba karibu theluthi mbili, kiasi kingine kiko kwenye vidole vya miguu. Kwa kilo zako 72 hiyo ni kama kilo 46. Najua hapo utashangaa: inakuwaje nasukuma 46 mara hamsini, halafu 40 zinishinde mara mbili? Tofauti iko kwenye upande mikono inakoelekea. Katika pushapu unasukuma mbele ya kifua, na hapo kifua ndiye baba mwenye nyumba. Mabega na misuli ya nyuma ya mkono ni wapangaji tu. Ukinyoosha mikono juu ya kichwa, nyumba inabadilisha mwenyewe. Kifua, ukiacha kipande chake cha juu kinachosaidia mwanzoni mwa safari, kinakaa pembeni kinatazama. Kazi inaangukia misuli ya bega, misuli ya nyuma ya mkono, na ile inayozungusha kombe la bega huko mgongoni. Miezi minane umemlisha baba mwenye nyumba, wapangaji wamelala njaa.

Halafu kuna hiyo 50 yenyewe. Anayerudia zoezi mara 50 amejenga ustahimilivu, na ni kitu kizuri, usikitupe. Lakini nguvu za kusukuma kitu kizito huja pale zoezi linapokuwa gumu kiasi kwamba ukifika mara ya tano unajua moyoni ya nane hutaiona. Ukipanda kutoka 50 kwenda 80 utakuwa fundi wa kupiga 80. Chuma hakitapata hata taarifa.

Kwa hiyo unabadilisha vitu viwili kwa pamoja: pembe ya mwili, ili mikono isukume kuelekea upande wa kichwa, na uzito unaotua kwenye mikono. Kama kuna jirani mwenye mzani wa kusimama juu yake, muazime kwa dakika kumi. Weka kiganja kimoja juu ya mzani na kingine juu ya ubao au vitabu vyenye kimo kilekile, kisha soma namba na uizidishe mara mbili. Fanya hivyo miguu ikiwa sakafuni, kisha ikiwa juu ya kigoda, kisha juu ya kiti, huku makalio yakiwa juu. Mimi huwafanyia wanafunzi wangu jambo hili siku ya kwanza, kwa sababu mtu akiona namba inapanda chini ya mkono wake, haniulizi tena vyuma viko wapi.

Mwisho wa ngazi hiyo ni kusimama kwa mikono, kichwa chini, miguu juu. Hapo mwili wote uko mikononi. Ukitoa viganja na sehemu ya mkono iliyo chini ya kiwiko, ambazo huzipandishi popote, na ambazo kwa mikono yote miwili ni kama asilimia 5 ya mwili, unabaki na mzigo wa kilo 68 hivi. Kilo 68 hukuwahi kuzisukuma juu ya kichwa hata ulipokuwa moto. Ndiyo maana nasema ngazi. Usiruke.

Daraja la kwanza, na ndilo nitakalokaa nalo zaidi kwa kuwa ndilo watu wanaloliharibu, ni ile pushapu ambayo vijana wanaiita paiki. Kaa kwenye mkao wa pushapu, kisha tembeza miguu kuifuata mikono huku makalio yakipanda, mpaka ufanane na hema. Magoti yakikunjika kidogo si dhambi. Sasa shuka. Hapo ndipo tisa kati ya kumi ninaowaona wanateleza mbele na kutua kifua kwanza, au wanashusha kichwa wima katikati ya viganja na viwiko vinachanua kama mbawa za kuku aliyelowa. Yule wa kwanza amerudi kwenye pushapu yake ya zamani bila kujua. Wa pili anaukaba mfupa wa bega.

Chukua kizibo cha soda. Kiweke sakafuni mbele ya viganja, mahali ambapo ukiunganisha kiganja, kiganja na kizibo unapata pembetatu. Kila ukishuka, sehemu ya juu ya paji la uso, pale nywele zinapoanzia, iguse kizibo. Siyo pua, siyo utosi. Kichwa kinapoenda mbele namna hiyo, mkono kuanzia kiganja hadi kiwiko unabaki umesimama wima, na kiwiko kinaelekea nyuma kwa mshazari badala ya kutoka nje moja kwa moja. Hiyo ndiyo njia ileile chuma kinayopita usoni pako ukiwa umesimama. Na tafadhali, upande wa meno uelekee chini. Nina kijana aliyekiweka kinyume akashuka kama gunia, akaondoka na duara la meno 21 kwenye paji, hesabu kamili ya kiwandani.

Ukipanda, usiishie viwiko vinaponyooka. Endelea kuisukuma sakafu mpaka mabega yakaribie masikio. Wengi wamefundishwa, wanapolala kwenye benchi kusukuma chuma, washushe mabega na kuyabana makombe, wanalibeba fundisho hilo hadi juu ya kichwa, na huko linawaumiza. Mkono ukipanda kutoka pajani hadi sikioni unasafiri nyuzi 180 hivi. Kiasi cha nyuzi 120 hutoka kwenye kiungo cha bega chenyewe, na 60 zilizobaki hutokana na kombe kuzunguka mgongoni. Ukilifunga kombe, hizo 60 zitadaiwa kiungo, na kiungo hakina za kulipa.

Ngazi yenyewe ni fupi kuieleza na ndefu kuipanda: miguu sakafuni, kwenye kigoda, kwenye kiti kilichoegemezwa ukutani kisiteleze, kwenye meza, kisha ukutani. Kadiri miguu inavyopanda ndivyo nyonga zinavyokuja juu ya mabega, na kiwiliwili kinasimama wima. Unapanda daraja ukiweza raundi tatu za mara nane, kizibo kikiguswa kila mara na bila kuibia. Ukiona mgongo umeanza kupinda ili kumaliza mara ya saba, hesabu yako ni sita.

Kuhusu huko kupinda, nikupe kisa kimoja, maana watu hudhani ni ukali wangu tu. Katika mashindano ya kunyanyua vyuma kwenye Olimpiki zamani kulikuwa na minyanyuo mitatu, na mmojawapo ulikuwa huuhuu wa kusukuma chuma juu ya kichwa kwa mikono bila msaada wa miguu. Miaka ilivyokwenda wanyanyuaji wakagundua kwamba ukijipinda nyuma sana, kifua kinaelekea juu, na kifua kikielekea juu kinasaidia kusukuma. Wakawa wanajipinda mpaka ni kama mtu aliyelala kwenye benchi lisiloonekana. Waamuzi wakashindwa kukubaliana nani kapinda kupita kiasi na nani kapinda kwa adabu. Baada ya michezo ya Munich mwaka 1972 mnyanyuo huo ukafutwa, na hadi leo imebaki miwili. Mwili haupendi kufanya kazi na misuli midogo kama kuna mikubwa jirani. Ukiupa upenyo wa nyuzi chache, utakimbilia kifua.

Hiyo ndiyo sababu ukifika ukutani nataka tumbo litazame ukuta, siyo mgongo. Wengi hurusha miguu na kuegemea kwa visigino, wakatulia hapo wakiwa wamejikunja kama ndizi. Inapendeza kwenye picha. Wewe anza kwenye mkao wa pushapu, nyayo zikiwa ukutani, panda na miguu huku mikono ikirudi nyuma kuusogelea ukuta, mpaka viganja vibaki kama futi moja kutoka ukutani na vidole vya miguu ndivyo vinavyogusa. Bana makalio, vuta mbavu ndani. Vaa soksi, maana alama za raba kwenye rangi ya ukuta ni kesi nyingine na baba mwenye nyumba, huyu wa kweli.

Kwanza jifunze kukaa tu. Sekunde 30 mara nne, kisha shuka kwa kutembeza mikono mbele. Ukizizoea ndipo uanze kushuka polepole: hesabu mpaka tano huku kichwa kikienda mbele ya viganja, kitue juu ya kanga iliyokunjwa, kisha teremsha miguu kwa kukanyagia ukuta hadi magoti yafike chini. Hupandi kwa kusukuma. Unaamka, unapanda upya na miguu. Siri yake ni kwamba misuli inaweza kuzuia mzigo mkubwa kuliko ule inaoweza kuupandisha, kwa hiyo unaanza kuzizoea zile kilo 68 kabla hujazimudu. Godoro usitumie: kichwa kinazama na shingo inabaki haina pa kushika.

Sasa nije kwenye jambo uliloliandika kama kwa bahati mbaya, na mimi ndilo nililolipigia mstari: kilo 40 zilikwama usawa wa pua. Mtu akisimama kwa mikono sakafuni, anaweza kushuka mpaka kichwa kiguse chini. Hapo viganja viko sawa na kichwa. Maana yake hafiki kamwe usawa wa pua, wala kidevu, wala mtulinga, ambapo chuma huanzia. Anafanya nusu ya juu ya safari, nusu ambayo wewe hukukwama. Ndiyo maana utakuta kijana anajisukuma ukutani mara kumi watu wanapiga makofi, halafu chuma chenye uzito kama wake hakitoki hata mabegani. Nusu ya chini haijawahi kumuona. Na ukuta ulikuwa unamshikia mwili. Kwenye chuma hakuna wa kukushika, miguu, tumbo na kiuno vyote vinadaiwa.

Kwa hiyo tafuta tofali mbili za saruji za inchi 5, nzima, zisizo na nyufa, uzilaze kwa upana wa mabega na zaidi kidogo, na uweke viganja juu yake. Kichwa sasa kinapita katikati na mbele na kushuka inchi tano chini ya viganja: umefika usawa wa pua. Kama ni nyingi mno anza na vipande vya mbao au vitabu, uongeze kimo kidogokidogo. Fanya hivyo mapema, tangu miguu ikiwa kwenye kigoda. Nikilazimishwa kuchagua kati ya paiki ya kwenye kiti juu ya tofali, inayoshuka mpaka chini kabisa, na kujisukuma ukutani nusu safari, nitakuchagulia tofali bila kufikiri mara mbili. Haina sifa mtandaoni, lakini ndiyo itakayozipandisha kilo 40.

Ratiba haihitaji mbwembwe. Jumatatu ni siku nzito: raundi tano za mara nne au tano kwenye daraja lako gumu zaidi, na kati ya raundi unapumzika dakika tatu kamili. Wale mliotoka kwenye pushapu za kila siku dakika tatu mnaziona ni uvivu. Ni sehemu ya zoezi. Jumatano, kukaa ukutani na pushapu zako za kawaida raundi tatu za 20, basi. Ijumaa, tofali: raundi nne za mara sita kwenye daraja jepesi kidogo kuliko la Jumatatu, ukishuka kwa utulivu. Kila siku ya mazoezi, kabla ya kuanza, zungusha vifundo vya mikono na uvibonyeze taratibu sakafuni, maana hivyo ndivyo vya kwanza kulalamika. Na kila siku uvute kitu: ning'inia kwenye bomba au tawi la mwembe, jivute ukiweza. Bega lililozoea kusukuma tu hatimaye hugoma. Wiki ya kwanza na ya pili utahisi umerudi nyuma kwa sababu namba ni ndogo, mara nne badala ya hamsini. Vumilia. Hii ni kazi ya miezi, siyo wiki.

Mara moja kwa wiki, Ijumaa baada ya tofali, sukuma kitu halisi ukiwa umesimama. Kusawazisha mzigo unaoelea juu ya kichwa ni ujuzi peke yake, na ukuta haukufundishi. Chukua kiroba cha unga cha kilo 25 kilichokwisha, ukivalishe kingine, jaza mchanga mkavu, funga vizuri. Ndoo ya lita 20 ya mchanga mkavu inazidi kilo 30, kwa hiyo anza na chini ya hapo. Kipandishe kifuani, kisukume, kikipita usoni peleka kichwa mbele kati ya mikono, kishushe. Raundi tatu za mara nane zinatosha. Dumu la maji pia linafaa, ila maji yanacheza ndani. Lisubiri mpaka kiroba kiwe rafiki.

Ukitaka mwalimu wa bure, simama bombani asubuhi uwaangalie kina mama wanavyojitwika. Ndoo ya lita 20 inatoka chini, inatua pajani, kisha goti linakunjika kidogo na kunyooka kwa ghafla, na ndoo tayari iko kichwani, maji hayajamwagika. Miguu ndiyo iliyoirusha, mikono imeielekeza tu. Mama yangu alikuwa akifanya hivyo safari nne kabla sijaamka. Ukitumia miguu namna hiyo utasukuma kizito zaidi, na siku moja moja si vibaya. Lakini ukitaka mabega yako yajitegemee, magoti yabaki yamenyooka.

Kuna wasiopaswa kupindua kichwa chini kabisa bila kuongea na daktari: mwenye presha ya kupanda isiyotulia, mwenye presha ya macho, mwenye tatizo la shingo, na mjamzito. Hao wabaki kwenye paiki za chini au kiroba. Na wewe mwenyewe, ukisikia maumivu ya kuchoma mbele ya bega mkono unapopanda, rudi daraja moja chini na uangalie kizibo. Mara nyingi utakuta kichwa kimeacha kwenda mbele. Yakiendelea hata baada ya hapo, acha mazoezi ukaonwe na daktari. Kabla ya yote jipime hivi: simama mgongo, makalio na kichwa vikigusa ukuta, nyanyua mikono hadi dole gumba liguse ukuta bila mbavu kuchomoza. Usipofika, kuning'inia kwa sekunde 20 au 30 mara kadhaa kwa siku kutakuwa na faida kuliko tofali kwa sasa.

Dambeli usinunue. Mtu aliyewahi kusukuma kilo 45 kwa mikono miwili anahitaji zenye kilo 15 hadi 20 kila mkono ndipo zimwambie kitu, na fedha yako itakuletea zile ndogo ambazo baada ya mwezi zitakuwa zinazuia mlango usifungwe na upepo. Tofali mbili, mchanga, viroba viwili, kanga ya kuazima kwa dada. Kinachobaki mpe fundi akukatie bomba la chuma na kulipachika imara mahali, upate pa kuning'inia.

Ukirudi jimu baada ya miezi mitatu, siku ya kwanza weka kilo 30 na usukume mara tano, raundi tatu, uondoke. Najua mkono utawasha kutaka kujaribu 45. Mikono itakuwa na nguvu lakini haijakizoea chuma kinavyopita usoni. Subiri safari ya tatu au ya nne ndipo upakie, kisha uniandikie zilikwama wapi, kama zitakwama.